Nani Amekupangia Saa Zako?

  

Ndugu zetu Waislamu wa Mombasa na wa miji yote ya pwani, liko jambo litokealo kila mwaka mara mbili mbele ya macho yetu, wala hatulitii maanani. Jumapili ya mwisho ya mwezi wa Oktoba watu wa Uingereza hurudisha saa zao nyuma kwa saa moja, na Jumapili ya mwisho ya mwezi wa Machi huzisogeza mbele. Wao wana sababu zao, kwani kwao mchana wa majira ya baridi ni mfupi sana, na wa majira ya joto ni mrefu sana. Ama sisi, Mombasa iko kiasi cha nyuzi nne tu kusini ya Ikweta. Jua letu halina safari ndefu. Maghribi huadhiniwa baina ya saa kumi na mbili na robo hivi na saa moja kasorobo, mwaka mzima, na hakuna aliyetuamuru kuzigusa saa zetu.

Lakini watazame vijana wetu, na si vijana peke yao, kwani wamo na watu wenye mvi. Mpira uchezwao Uingereza siku ya Jumamosi saa tisa za mchana huonekana huku kwetu saa kumi na moja za jioni wakati wa majira yao ya joto, na Maghribi hukikuta kipindi cha pili. Wakisharudisha saa zao mwezi wa Oktoba, mpira ule ule huonekana saa kumi na mbili, na Maghribi hukikuta kipindi cha kwanza. Mitaa mizima ya Majengo na Kibokoni hubadilisha mwendo wake wa jioni: saa ya kula, saa ya kukoga, saa ya kurudi nyumbani, hata saa ya kwenda msikitini. Jua la Mombasa halikusogea; tuliosogea ni sisi. Na katikati ya juma, mashindano ya vilabu vya Ulaya huanza kwetu saa nne au saa tano za usiku, yakaisha saa sita au saa saba, na alfajiri yaingia kama saa kumi na moja. Mtume (s.a.w.) alichukia kulala kabla ya Isha na mazungumzo baada yake, kama ilivyopokewa katika Bukhari na Muslim, nasi tumeufanya wakati ule ndio mwanzo wa siku.

Hatuandiki haya ili kuharimisha mpira. Hilo ni jambo jingine, nao wanazuoni wana maneno yao. Twauliza swali moja tu: ni nani aliyeichagua saa ile? Yule Mwingereza aliyeipanga alikuwa na watu wake wa kuwatazama, na biashara yake ya kuipeleka mbele. Mwislamu wa Mombasa, na Maghribi yake, hakumpitia moyoni hata kidogo. Basi ikiwa yeye hakutufikiria, na sisi hatukujifikiria, saa ile yetu imepangwa na nani?

Hilo ndilo jambo la waraka huu. Sisi Waislamu tumefunzwa tangu utotoni kwamba amali hazisihi ila kwa nia. Mtoto wa chuoni akiulizwa nguzo za Sala huanza na nia. Mtu akikaa na njaa tangu alfajiri hata magharibi bila ya kutia nia, hana Saumu ya Ramadhani; ana njaa tu. Lakini mtu huyo huyo hutoa saa tatu za umri wake kila usiku bila ya nia yoyote, si nia njema wala nia mbaya. Ukimwuliza kwa nini umekaa hapa, hana jawabu ila kusema, "Napitisha wakati." Yatisha kauli hii! Mwenye duka hasemi kwamba anapitisha fedha.

Wengi wetu hatuangamii kwa madhambi makubwa tuliyoyakusudia. Mlevi ajua kwamba amelewa, na mwizi ajua kwamba ameiba, na kwa kujua huko huenda siku moja akatubu. Lakini saa ambazo hakuna aliyeziamulia, zilizokwenda kwa kuwa mtu alikuwa amekaa na hakuondoka, nani atatubia hizo? Hata hazikumbuki. Imepokewa na Tirmidhi kwamba mja hatabanduka mahali pake Siku ya Kiama mpaka aulizwe juu ya umri wake, ameumaliza katika nini. Na imepokewa na Bukhari kwamba ziko neema mbili ambazo watu wengi wamepunjika katika hizo: afya na faragha. Na neno hili la kupunjika ni neno la sokoni. Mtu aliyepunjika hakuibiwa. Alitoa kwa mkono wake mwenyewe, akapokea kisicholingana na alichotoa, akenda zake akicheka.

Mwenyezi Mungu (s.w.t.) ameapa kwa Al-Asri katika sura ya aya tatu tu ambayo kila mmoja wetu aijua kwa moyo, akatujulisha kuwa mwanadamu yumo katika hasara, ila wale walioamini na kutenda mema na kuusiana haki na subira. Wafasiri wamesema kwamba Al-Asri ni zama zote, na wengine wakasema ni ule wakati wa alasiri. Imam Fakhruddin Razi, aliyefariki mwaka 606 wa Hijra, amesimulia katika tafsiri yake habari ya mmoja wa wema waliotangulia aliyesema kuwa maana ya sura hii alijifunza kwa muuza barafu sokoni, aliyekuwa akiwalilia watu wamhurumie mtu ambaye rasilimali yake yayeyuka. Sisi watu wa pwani hatuhitaji kuelezwa zaidi. Yeyote aliyewahi kumwona muuza samaki saa saba za mchana katika joto la Februari, barafu imekwisha na samaki bado wamelala mezani, ameiona hasara kwa macho yake. Muuza barafu hana njia ya kusema, "Leo sitauza, nitaiweka bidhaa yangu mpaka kesho." Auze asiuze, itayeyuka.

Mtu aweza kuuliza, basi tufanyeje, nasi ni wanadamu, twasahau? Jawabu ni kwamba Mola wetu alijua kuwa twasahau, ndipo akatuwekea vituo vitano katika mchana na usiku. Twaichukulia adhana kuwa ni mwito wa ibada tu, na kwa hakika ndivyo ilivyo. Lakini tazama pia kazi yake nyingine. Adhana yakata. Fundi yuko na randa yake, mwadhini akatoa sauti, na fundi yampasa kuiweka randa. Akishasali, hapana budi aamue: Je, arudi kwenye kazi ile, au aende nyumbani, au amzuru mgonjwa? Hawezi kuendelea kwa sababu tu alikuwa akiendelea. Mara tano kila siku Mwislamu husimamishwa, kisha huachiwa mlango wazi achague pa kwenda.

Sasa ilinganishe neema hii na chombo kilichomo mifukoni mwetu. Simu hizi zina manufaa yasiyokanushika: kwa hizo mtu wa Lamu huzungumza na mwanawe aliyeko Muscat, na mgonjwa huchangiwa fedha za matibabu kwa siku moja. Lakini wenye kuzitengeneza zile picha za video fupi fupi wamezipanga kwa hila moja, nayo ni kwamba hazina mwisho. Kitabu kina mwisho wa ukurasa, na gazeti lina ukurasa wa nyuma, hata kikombe cha kahawa huisha. Picha hizi, moja ikiisha, nyingine imekwisha kuanza, wala hukuulizwa kama waitaka. Wamekiondoa kile kituo ambacho mtu angesimama akajiuliza, kwa kuwa faida yao imo katika kubaki kwako, wala hawapati kitu kwa kuondoka kwako. Adhana yakata ili uchague. Chombo hiki chaunganisha ili usichague. Na mtu anayeisikia adhana huku kidole chake kikizidi kusukuma kioo, huyo amejua vizuri ni nani aliyempangia saa zake.

Tuje sasa kwenye wakati mmoja hasa, kwani maneno ya jumla hayamzindui mtu. Baina ya Maghribi na Isha, katika miji yetu, pana kiasi cha saa moja na dakika kumi. Muda huu haubadiliki sana mwaka mzima, na hii ni neema ambayo ndugu zetu walioko Ulaya hawanayo, kwani wao katika siku ndefu za Juni huingojea Isha mpaka karibu na usiku wa manane. Toa dakika ishirini za Sala na sunna zake, zabaki dakika hamsini. Mwaka wa Hijra ni siku 354. Piga hesabu: ni saa 295, yaani karibu siku 37 za kazi ya saa nane. Msahafu uliopigwa chapa Madina una kurasa 604. Mtu akisoma kurasa mbili tu kila usiku, na akatazama maana yake katika tafsiri ya Sheikh Abdulla Saleh Farsy iliyotolewa Nairobi mwaka 1969, huimaliza Qurani yote kwa siku 302, na akabakiwa na siku 52 za udhuru, za homa na safari na misiba. Wangapi miongoni mwetu wamefika miaka sitini, na wamezipata nafasi arobaini za namna hii, na hawajaifahamu maana ya Qurani hata mara moja?

Wakati huu wa Maghribi ndio wakati wa baraza. Hatutaki kuvunjiana heshima: baraza ni jambo jema katika mila yetu. Hapo ndipo watu hujua nani amefiwa na nani amekosa karo ya mwanawe, na hapo ndipo waliogombana hupatanishwa. Baraza iliyokusudiwa hayo ni ibada. Lakini kuna baraza ambayo watu wake ni wale wale, na maneno yake ni yale yale ya jana, na asiyekuwapo ndiye chakula cha waliopo. Na siku hizi kuna ajabu zaidi: watu saba wamekaa ubao mmoja, kila mmoja na simu yake, wala hakuna azungumzaye na mwenziwe. Hii si baraza wala si faragha. Hatujui ni kitu gani.

Na hapa pana jambo zito kuliko yote, nalo ni kwamba mtu akaaye barazani tangu Maghribi mpaka saa nne hatumii wakati wake peke yake. Atumia wakati wa mkewe, ambaye tangu alfajiri hajaketi, naye sasa yuko jikoni, mtoto mdogo mgongoni na mkubwa akimwuliza hesabu za skuli. Kisha sisi sisi husema kwamba wanawake wapoteza nyakati zao katika michezo ya runinga! Atumia pia wakati wa mwanawe. Mtoto wa miaka saba humsubiri babake amsikilize sura aliyohifadhi. Wa miaka kumi humsubiri, lakini kidogo. Wa miaka kumi na tano hamsubiri tena, ameshapata watu wengine wa kumsikiliza. Baba hushtuka siku moja akasema, "Mwanangu amebadilika." Hakubadilika siku hiyo. Zilikuwa ni zile dakika hamsini, usiku baada ya usiku, kwa miaka minane.

Tusidhani kwamba dawa yake ni kujaza kila saa kwa ibada. Salman al-Farisi (r.a.) alimzuru nduguye Abu Dardai (r.a.) akamkuta afunga kila siku na kusimama usiku kucha, na mkewe ameacha kujipamba kwa kukata tamaa naye. Salman akamfuturisha, na usiku akamlaza, mpaka ilipofika mwisho wa usiku wakaamka wakasali pamoja. Kisha akamwambia kwamba Mola wake ana haki juu yake, na nafsi yake ina haki, na watu wa nyumbani mwake wana haki, basi ampe kila mwenye haki haki yake. Habari ikafika kwa Mtume (s.a.w.), naye akasema kwamba Salman amesema kweli. Na Hanzala (r.a.) alipolalamika kwamba hali yake akiwa na Mtume si ile ya akiwa na mkewe na wanawe, Mtume alimjibu kuwa kuna saa hii na saa hii. Basi kucheza na mtoto ni saa, kulala mchana ni saa, kwenda Mkunguni jioni kupunga upepo pia ni saa. Mtu akiichagua, akajua mwanzo wake na mwisho wake, haikumpotea.

Wala usidhani kwamba uchaguzi ni baina ya jema na ovu tu, kwani ovu aliyebaleghe akalijua. Taabu imo baina ya jema na jema. Imam Nawawi, ambaye vitabu vyake husomwa katika misikiti yetu yote ya pwani, alizaliwa mwaka 631 wa Hijra akafariki mwaka 676, yaani aliishi kama miaka 45 tu. Mwanafunzi wake Ibnul-Attar amesimulia kwamba katika ujana wake huko Damascus alikuwa akisoma kwa masheikh wake darasa kumi na mbili kila siku. Siku moja ikampitia kusoma utabibu; akanunua kitabu cha Ibn Sina, akaazimia. Akakaa siku kadha moyo wake una kiza, hawezi kushughulika na kitu. Alipotambua sababu, alikiuza kile kitabu, na moyo wake ukarudi. Utabibu si jambo baya. Ni fardhi ya kifaya, na laiti tungekuwa na matabibu Waislamu zaidi. Lakini haukuwa wake yeye. Lau angaling'ang'ania vyote viwili, pengine leo tusingekuwa na *Minhaj* wala *Riyadhus-Salihin*. Na hapa kwetu, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyezaliwa mwaka 1891 akafariki mwaka 1947, alitoa *Sahifa* mwaka 1930 na *Al-Islah* mwaka 1932, akasomesha, akawa Kadhi, akaandika vitabu, na siku yake ilikuwa na saa ishirini na nne kama zetu.

Limebaki jambo moja ambalo watu hulidharau, nalo ni saa za wenzetu. Mtu hualika watu katika nikahi saa nne za asubuhi, na yeye mwenyewe ajua moyoni kuwa haitafungwa kabla ya saa tano na nusu. Walioalikwa ni watu 200. Kila mmoja amengojea saa moja na nusu: hizo ni saa 300, zaidi ya zile saa 295 tulizozihesabu, zimetiwa motoni asubuhi moja. Mikutano yetu ya misikiti ndiyo hiyo hiyo. Na wale waliofika kwa wakati wakishazoea, nao huchelewa, mpaka mji mzima ukawa haujui maana ya ahadi, na kuvunja ahadi ni katika alama za mnafiki, kama tujuavyo. Mtu akikuchukulia shilingi mia utamdai mpaka Kiama. Tumejiuliza kama hizi saa za watu si haki za waja pia? Sisi twaona kuwa ni haki zao, na mwenye dalili kinyume cha hayo na atuandikie.

Ndugu mmoja katika darasa yetu aliuliza swali la haki: Maneno haya yawafaa wenye maduka na wenye kazi za ofisini, je, mtu wa bandarini anayefanya kazi kwa zamu, au dereva wa tuktuk ambaye asipotoka hali, yeye anachagua nini? Saa zake zimeshachaguliwa na tumbo la wanawe.

Twamjibu kwamba mtu huyo yuko mbele yetu, si nyuma. Mwenye kutafuta chumo la halali kwa kuwalisha watu wake, akatia nia hiyo atokapo mlangoni, zamu yake nzima yaandikwa, nayo ni saa nane ambazo tajiri aliyekaa bure hanazo. Asiache kutia nia kwa kuwa hana hiari ya kwenda. Nia ni yake, hata kama zamu si yake. Kisha atazame kipande kilichobaki, hata kikiwa kidogo. Imepokewa kwamba amali zipendwazo mno na Mwenyezi Mungu ni zile zidumuzo, hata zikiwa chache. Dereva aliyeegesha tuktuk yake kivulini baada ya Adhuhuri, akingojea abiria, ana robo saa, na simu iko mkononi. Katika simu hiyo hiyo pana Qurani na pana zile picha zisizokwisha, na masafa baina yake ni upana wa kidole. Na aliyetoka zamu ya usiku, akafika nyumbani wanawe wakivaa nguo za skuli, aketi nao dakika kumi kabla hajalala, amsikilize mkubwa sura moja fupi, na amfunge mdogo vifungo vya shati.